Kazi ya Mwanapatholojia wa Saratani ya Tezi Dume: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Kiplombe

Mwanapatholojia ni daktari anayetambua ugonjwa kwa kuchunguza tishu, damu na majimaji ya mwili badala ya kumpima mgonjwa kitandani, na katika saratani ya tezi dume yeye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu mambo mawili ambayo matibabu yote huyategemea: kama saratani ipo, na kama ipo, ni kali kiasi gani. Tezi dume ni kiungo kidogo cha mwanamume kinachokaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo, na kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Seli zake zinapozaana bila kujizuia na kuvamia tishu za jirani, hiyo ndiyo saratani ambayo nchini Kenya huwapata wanaume wengi kuliko saratani nyingine yoyote, na ambayo mwaka 2022 ilikadiriwa kuwapata wanaume wapatao milioni 1.47 duniani kote na kuua karibu 397,000.

Mwongozo huu umekusudiwa mwanafunzi wa shule ya upili au wa chuo anayeishi Kiplombe, wadi ya eneo bunge la Turbo katika kaunti ya Uasin Gishu, pamoja na mzazi atakayemlipia karo. Kiplombe haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Iko pembezoni mwa Eldoret, uliopewa hadhi ya jiji Agosti 2024 na ambao una Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, maarufu kwa kifupi chake MTRH, iliyoanza mwaka 1917 kama zahanati ya kulaza wagonjwa wachache na leo hupokea watu kutoka eneo lote la magharibi ya Bonde la Ufa na hata ng'ambo ya mipaka. Tena ni Kiplombe hiyohiyo ambako hospitali hiyo imekusudia kujenga makao mapya. Mwanafunzi wa hapa, kwa hiyo, anaweza kusoma, kufanya mazoezi na hatimaye kuajiriwa bila kuhama kaunti kwa sehemu kubwa ya safari yake, jambo ambalo wenzake wa Mandera au Lamu hawawezi kulitumainia.

Yafaa lisemwe mapema jambo ambalo vitabu vya kuchagua taaluma hulificha. Hakuna lango lililoandikwa "saratani ya tezi dume" ambalo mwanafunzi wa Kenya anaweza kuliingia moja kwa moja. Anayefika huko hufika kwa kuwa kwanza daktari wa kila kitu, kisha mwanapatholojia wa kila kiungo, na mwisho mtu ambaye wenzake wamezoea kumpelekea slaidi za tezi dume kwa sababu anaziona vizuri kuliko wao. Ubingwa huu hujengwa ndani ya kazi ya jumla, na anayeidharau kazi hiyo ya jumla haupati.

Kuna pia dhana ya kuondolewa. Kwa Wakenya wengi mwanapatholojia ni mtu wa mochari, na dhana hiyo ilitiwa nguvu mwaka 2023 wakati Mwanapatholojia Mkuu wa Serikali, Dkt. Johansen Oduor, alipoonekana kila jioni katika taarifa za habari akieleza matokeo ya uchunguzi wa miili iliyofukuliwa katika msitu wa Shakahola. Kazi hiyo ni ya heshima na ni ya lazima, lakini ni tawi moja tu. Sehemu kubwa ya kazi ya mwanapatholojia wa hospitali inahusu watu walio hai, ambao kwa kawaida wameketi nyumbani wakisubiri karatasi yenye sahihi yake.

Safari ya kipande cha nyama

Daktari wa mfumo wa mkojo anapomshuku mzee kuwa na saratani, ama kwa sababu kidole chake kimegusa uvimbe mgumu kupitia njia ya haja kubwa, ama kwa sababu kipimo cha damu cha PSA kimepanda, humfanyia bayopsi, yaani hutoa vipande vyembamba vya nyama kwa sindano maalumu. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, yenye saratani au isiyo nayo, na hupanda pia kwa uvimbe wa kawaida wa uzeeni na kwa maambukizi. Ndiyo maana kipimo hicho huamsha shaka tu, na hakiwezi peke yake kumhukumu mtu kuwa ana saratani. Utaratibu uliozoeleka ni kutoa vipande 12 kutoka sehemu mbalimbali za tezi, kila kimoja kikiwa na urefu wa takriban sentimita 1 hadi 2 na unene usiozidi milimita 1, na kila sehemu kutiwa katika kichupa chake chenye lebo.

Mwanafunzi anayedhani kwamba kazi ya mwanapatholojia huanzia kwenye hadubini hajaielewa bado. Huanzia kwenye kichupa. Kipande kinatakiwa kuzama mara moja katika fomalini iliyosawazishwa, ambayo huzuia tishu isioze na kuigandisha seli katika umbo lake. Kikicheleweshwa au kikitiwa kimiminika kidogo kupita kiasi, seli huharibika, na uharibifu huo hauondolewi na rangi yoyote wala na jicho la bingwa yeyote. Kisha kipande hukaushwa maji kwa alkoholi, hupitishwa katika zailini, huzamishwa katika nta ya parafini iliyoyeyushwa, na nta inapoganda mtaalamu wa maabara hukikata kwa mashine iitwayo mikrotomu katika tabaka za mikromita 3 hadi 5, yaani zisizozidi sehemu moja ya mia mbili ya milimita. Tabaka hizo huelea juu ya maji ya uvuguvugu kama utando wa maziwa, huokotwa kwa kioo cha slaidi, na hupakwa rangi mbili: hematoksilini, inayotokana na mti wa Amerika ya Kati na inayotia kiini cha seli rangi ya samawati iliyoiva, na eosini, inayotia sehemu zilizobaki rangi ya waridi.

Mikono inayofanya kazi hii ni ya wataalamu wa maabara, wanaosajiliwa na bodi yao wenyewe na kufunzwa katika vyuo kama Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, KMTC, chenye kampasi Eldoret. Mwanafunzi ambaye alama zake hazitoshi kuingia udaktari lakini anavutiwa na tishu asiichukulie njia hiyo kuwa ya waliokosa njia, kwa sababu slaidi iliyokatwa vibaya, yenye mikunjo na mikwaruzo, humfanya bingwa kuwa sawa na mtu anayesoma kitabu kilicholowa mvua. Mwanapatholojia kijana anayekaa na wataalamu hao, akajifunza kukata na kupaka rangi kwa mkono wake mwenyewe, huvuna faida ambayo hakuna mhadhara unaoitoa. Huko pia atajifunza kuiheshimu fomalini: mvuke wake huwasha macho na koo, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka fomaldehidi miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hivyo chumba kisicho na mfumo wa kuvuta hewa si mahali pa kuonyeshea ushujaa.

Kuona, kisha kuandika namba

Slaidi inapowekwa chini ya hadubini, swali la kwanza ni kama kuna saratani. Tezi dume yenye afya imejengwa kwa vitezi vidogo vingi, na kila kitezi kina tabaka mbili za seli: za ndani zinazotoa majimaji, na za nje, ziitwazo seli za msingi, zinazokizunguka kama ua. Katika saratani ya kawaida ya kiungo hiki, vitezi huwa vidogo na vilivyobanana, hujipenyeza kati ya vile vya asili, viini vya seli huvimba na kuonyesha nukta nzito ndani yake, na lile tabaka la nje hutoweka kabisa. Jambo hili la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, lakini pia ndilo gumu kulithibitisha kwa rangi za kawaida, kwa sababu seli za msingi zinaweza kuwa chache na bapa kiasi cha kutoonekana hata katika kitezi kisicho na saratani. Hapo hutumiwa imunohistokemia, yaani mbinu ya kuzitia seli rangi kwa kutumia kingamwili zinazonata kwenye protini maalumu: protini ya p63 na keratini nzito huonyesha kama seli za msingi zipo, ilhali protini ya AMACR huelekea kujitokeza kwa wingi katika seli za saratani. Kemikali hizo ni ghali, gharama yake mara nyingi humwangukia mgonjwa, na mwanapatholojia mwenye busara haziagizi kwa kila kipande ili kujiondolea woga, wala haziachi pale ambapo shaka ni ya kweli.

Swali la pili ni la ukali, na hapa mwanafunzi anapaswa kutulia, kwa kuwa ndipo ulipo moyo wa taaluma hii. Mwaka 1966 Donald Gleason, mwanapatholojia wa hospitali ya maveterani huko Minneapolis, Marekani, alipendekeza njia ambayo ilikuwa ya ajabu kwa wakati wake: badala ya kuchunguza sura ya seli mojamoja kwa ukuzaji mkubwa, alitazama kwa ukuzaji mdogo namna vitezi vilivyojipanga, akazigawa ruwaza hizo, yaani mipangilio inayojirudia, katika daraja 5, kuanzia vitezi vilivyokamilika hadi seli zilizotawanyika bila kuunda chochote. Kwa kuwa aliona kwamba uvimbe mmoja mara nyingi una ruwaza zaidi ya moja, alijumlisha ile iliyoenea zaidi na ile inayoifuata, na jumla hiyo ndiyo inayoitwa alama ya Gleason.

Njia hiyo imedumu, lakini si kama alivyoiacha. Ruwaza ya 1 na ya 2 hazitolewi tena katika bayopsi, kwa sababu nyingi ya zile zilizoitwa hivyo zamani hazikuwa saratani au zilikuwa ruwaza ya 3 isiyotambuliwa. Matokeo yake ni kwamba alama ya chini kabisa anayoweza kupewa mgonjwa leo ni 6. Hapo ndipo penye mtego. Mzee akiambiwa kwamba amepata 6 katika kipimo kinachoishia 10, hudhani kwamba ameshavuka nusu ya njia ya kuelekea kaburini, kumbe amepewa alama ndogo kuliko zote, ambayo huenda ikahitaji kufuatiliwa tu bila upasuaji. Mtego wa pili ni wa alama 7. Mgonjwa ambaye ruwaza ya 3 imetawala na ya 4 ni ya pili, yaani 3+4, na yule ambaye ya 4 imetawala, yaani 4+3, wote wana 7, lakini saratani zao haziendi kwa mwendo mmoja: wa pili yuko katika hatari kubwa zaidi. Ili kuondoa utata huo, mwaka 2013 Jonathan Epstein na wenzake walipendekeza makundi 5, ambayo jumuiya ya kimataifa ya wanapatholojia wa mfumo wa mkojo, ISUP, iliyakubali mwaka 2014 na Shirika la Afya Duniani likayaingiza katika kitabu chake cha uainishaji mwaka 2016: alama 6 na chini yake ni kundi la 1, 3+4 ni kundi la 2, 4+3 ni kundi la 3, alama 8 ni kundi la 4, na 9 au 10 ni kundi la 5.

Ugumu haumo katika kuzikariri namba hizi, kwani kijana yeyote aliyefaulu hesabu za darasa la nne anaweza kuzikariri kwa dakika kumi. Ugumu umo katika mpaka kati ya ruwaza ya 3 na ya 4, pale ambapo vitezi vinaanza kuungana na mtu hana hakika kama vimeungana kweli au kisu kimevikata kwa mshazari vikaonekana hivyo. Wanapatholojia wazuri hutofautiana hapo, tafiti nyingi zimeonyesha hivyo, na mtu mmoja anaweza hata kutofautiana na nafsi yake akionyeshwa slaidi ileile baada ya miezi sita. Dawa ya udhaifu huo ni ya kawaida kabisa: kumwonyesha mwenzake, kuandika asilimia ya ruwaza ya 4 ili daktari anayetibu ajue uzito wake, na kutaja bayana kama kuna ruwaza ya kichujio, ambamo seli hujaza kitezi na kuacha matundutundu, kwa kuwa hiyo huashiria hatari zaidi.

Ripoti iliyokamilika hueleza pia ni vipande vingapi vyenye saratani kati ya vyote, saratani imechukua sehemu gani ya kila kipande, na kama imefuata mishipa ya fahamu. Vipande vikiwa vimetoka katika kukwanguliwa kwa tezi kupitia njia ya mkojo, upasuaji unaofanywa kwa mzee aliyezibwa mkojo na ambao mara nyingine hufichua saratani isiyotarajiwa, swali huwa ni kama saratani imechukua zaidi ya asilimia 5 ya tishu au la, maana hapo ndipo T1a hutengana na T1b katika hesabu ya hatua za ugonjwa. Tezi nzima ikiletwa baada ya kuondolewa, hupakwa wino juu yake kabla ya kukatwa, ili saratani iliyogusa wino ijulikane kuwa huenda ilibaki mwilini. Yote haya huandikwa kwa maneno machache. Sifa ya mwanapatholojia ni sentensi isiyoweza kusomwa kwa namna mbili, na inasikitisha kwamba shule zetu huwafundisha wanafunzi wa sayansi kuona insha kama mzigo wa wenzao wa lugha.

Njia ya masomo

Kwa mwanafunzi aliye katika mfumo wa zamani wa elimu, ambao mtihani wake wa mwisho wa kumaliza sekondari, KCSE, utafanywa mwaka 2027, udaktari hutaka wastani wa B pamoja na B katika Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Hicho ni kiwango cha chini, na ushindani wa nafasi zinazogawiwa na KUCCPS, taasisi inayowapanga wanafunzi vyuoni, huwa juu zaidi ya hapo. Wale wa mtaala wa umilisi, ambao kundi lao la kwanza liliingia sekondari ya juu Januari 2026, wanapaswa kuwa wamechagua mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na kosa la kuchagua mkondo kwa kufuata marafiki ni gumu kulirekebisha.

Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha madaktari mjini Eldoret mwanzoni mwa miaka ya 1990, na shahada yake ya udaktari na upasuaji huchukua miaka 6. Mafundisho yake yana sifa mbili zilizokijengea chuo jina: wanafunzi hujifunza kwa kutatua visa badala ya kusikiliza mihadhara pekee, na hupelekwa kukaa vijijini katika vituo vya afya ili waone ugonjwa unakotoka. Kwa anayekusudia patholojia, mwaka wa tatu ndio wa kuangalia kwa makini, kwa kuwa ndipo somo hilo hushika kasi. Anayelipenda aombe ruhusa ya kukaa maabara siku za likizo. Ni nadra kukataliwa, kwa sababu wanafunzi wanaoomba ni wachache mno.

Baada ya shahada hufuata mwaka mmoja wa uanagenzi katika hospitali iliyoidhinishwa, ambapo daktari huzunguka katika tiba ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi. Mzazi ajue kwamba kipindi hiki kimekuwa na mivutano: mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56 kuanzia Machi hadi Mei, ulihusu kwa sehemu kubwa malipo na upelekwaji wa wanagenzi hao. Akimaliza, daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari wa Tiba na Meno, KMPDC, na kwa kawaida hufanya kazi kwa muda katika hospitali ya kaunti kabla ya kurudi chuoni. Muda huo usionekane kuwa wa kupoteza. Mwanapatholojia ambaye hajawahi kumtia mrija wa kutolea mkojo mzee aliyezibwa usiku wa manane huandika ripoti zake kama mtu asiyejua zinasomwa na nani.

Shahada ya uzamili ya patholojia hutolewa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa miaka 4, na mwanafunzi hupita katika matawi yote: patholojia ya anatomia, inayoshughulika na tishu, ya kikemia, ambamo PSA hupimwa, ya damu, na ya vijidudu. Chuo Kikuu cha Aga Khan mjini Nairobi nacho hufundisha kwa miaka 4, lakini kimetenganisha tawi la tishu na matawi ya maabara, hivyo mwenye lengo la saratani anapaswa kuchagua la kwanza. Nje ya nchi lakini ndani ya ukanda kuna Makerere mjini Kampala na Muhimbili mjini Dar es Salaam, ambako uzamili huchukua miaka 3, na kuna Chuo cha Wanapatholojia cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachotoa mafunzo kupitia hospitali zilizoidhinishwa. Makerere ina kivutio chake: rejista ya saratani ya Kampala imekuwapo tangu mwaka 1951, ni miongoni mwa za zamani zaidi barani Afrika, na ni kutokana nayo kwamba kupanda kwa saratani ya tezi dume mjini humo kwa miongo kadhaa kuliweza kuonekana kwa namba badala ya kudhaniwa.

Ukijumlishwa muda wote, kuanzia kuingia chuoni hadi kuwa bingwa, pamoja na ule wa kazi ya kaunti, kwa kawaida si chini ya miaka 12, na ukiongezwa mwaka wa ubobezi ni 13 au 14. Mwajiriwa wa kaunti anayepewa ruhusa ya masomo yenye mshahara hutia saini mkataba wa kurudi kuitumikia kaunti kwa miaka kadhaa. Mkataba huo usomwe kabla ya kutiwa saini, pamoja na maandishi yake madogo.

Kuelekea kwenye tezi dume

Ubobezi rasmi wa patholojia ya mfumo wa mkojo huchukua kwa kawaida mwaka 1, na nafasi zake nyingi ziko Marekani, Kanada, Uingereza na Australia. Ni nafasi chache, zenye ushindani, na baadhi yake hutaka leseni ya nchi husika. Mwanapatholojia wa Eldoret ana mlango mwingine ambao wengi hawana: tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, uliozaa mpango wa AMPATH mwaka 2001, kwanza kwa ajili ya VVU na baadaye kwa saratani na magonjwa mengine sugu. Ushirikiano wa namna hiyo huwezesha ziara za miezi michache, mashauriano juu ya slaidi ngumu, na utafiti wa pamoja, na mara nyingi ziara tatu fupi zilizoandaliwa vizuri hufaa kuliko mwaka mmoja wa kutazama begani mwa mtu.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya ubobezi hupatikana mezani pa mwanapatholojia mwenyewe, kwa mazoea matatu yanayofungamana. Kwanza, aweke daftari la kila bayopsi ya tezi dume aliyoisoma, akiandika alama aliyotoa. Tezi hiyo ikija kuondolewa baadaye, airudie bayopsi na kuilinganisha na tezi nzima, kwa kuwa sindano huonja sehemu ndogo tu na mara nyingi tezi nzima hufichua ruwaza kali zaidi, na tofauti hiyo humfundisha kuliko kitabu. La pili ni kuhudhuria kikao cha kila wiki ambamo madaktari wa upasuaji, wa mionzi, wa dawa za saratani na wa picha hujadili wagonjwa kwa pamoja. Huko hujulikana kama bingwa wa tezi dume si kwa cheti bali kwa kuulizwa. La tatu ni utafiti, na hapa Mwafrika hana sababu ya kuwa mtazamaji. Wanaume wenye asili ya Afrika wanaoishi Marekani na Uingereza hupata saratani hii na kufa nayo kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao weupe. Muungano wa jeni za TMPRSS2 na ERG, uliogunduliwa mwaka 2005 na unaopatikana katika takriban nusu ya saratani za tezi dume za wazungu, huonekana mara chache zaidi kwa weusi. Majibu kuhusu sababu za tofauti hizi yamo katika vipande vya nta vilivyohifadhiwa kwenye makabati ya hospitali za hapa, ikiwa vilihifadhiwa vizuri.

Huulizwa pia kama kompyuta haitaichukua kazi hii. Septemba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha programu ya kwanza ya akili bandia ya kumsaidia mwanapatholojia kutafuta saratani katika slaidi za tezi dume zilizopigwa picha, na nyingine zinafuata. Programu hizo huhitaji mashine ya kupiga picha za slaidi, intaneti ya uhakika na slaidi iliyokatwa vizuri, na huacha sahihi ya ripoti kwa daktari. Mwanafunzi wa leo ajiandae kufanya kazi nazo. Asiyejua kuona bila programu hatajua programu inapokosea.

Siku ya kazi

Bingwa wa hospitali ya umma Eldoret hatapewa tezi dume peke yake. Asubuhi huenda akakata titi lililoondolewa, adhuhuri akasoma slaidi za shingo ya kizazi, na alasiri akafanya uchunguzi wa maiti kwa ombi la polisi, ambao baadaye unaweza kumpeleka mahakamani kutoa ushahidi. Wengine huongeza kipato kwa kusoma slaidi za maabara za binafsi jioni, kazi inayolipa lakini inayochosha macho, na uchovu ni adui wa ile mipaka ya ruwaza ya 3 na ya 4 iliyotajwa juu. Asiyefurahia upweke wa chumba chenye hadubini na rundo la slaidi atafute tawi jingine mapema.

Mara mojamoja, mzee au mwanawe hubisha hodi maabara akiwa na ripoti mkononi. Kanuni ni kwamba matokeo huelezwa na daktari anayemtibu, lakini kumfukuza mtu aliyesafiri si adabu, na mwanapatholojia aweza kumweleza kwa Kiswahili chepesi karatasi inahusu nini na ni nani amwone. Amwite mzee kwa jina la heshima, amketishe, na aepuke kuitaja tezi dume mbele ya binti au mkwe wake bila kuulizwa. Kwa wazee wengi wa eneo hili maradhi ya sehemu hiyo ni siri, na siri hiyo ndiyo mojawapo ya sababu za kufika hospitali saratani ikiwa imeshaingia mifupani.

Kuna kazi moja ndogo inayobaki baada ya ripoti kutiwa sahihi. Tangu mwaka 1999 Eldoret ina rejista ya saratani inayokusanya taarifa za wagonjwa wa Uasin Gishu, na wasajili wake hupita maabara kunakili kila utambuzi kwa namba za kimataifa: C61.9 kwa tezi dume, 8140/3 kwa saratani ya vitezi, kisha umri, makazi na kundi la daraja. Msajili hawezi kunakili kisichoandikwa. Ripoti ambayo fomu yake ya kuomba kipimo iliachwa wazi pale penye makazi humfanya mzee wa Kiplombe ahesabiwe kuwa hana kwao, kwa hiyo mwanapatholojia anayeona nafasi hiyo tupu humpigia simu aliyejaza fomu, kabla kichupa hakijafunguliwa.